Gari lenye chuma cha tela: Usilikimbie, lichunguze

Kila mavuno yanapokuwa mazuri katika wilaya za Hanang na Mbulu, hufuata msimu mwingine ambao haumo kwenye kalenda ya kilimo, nao ni msimu wa kununua magari. Mkulima wa Hirbadaw aliyeuza mahindi, mbaazi au vitunguu, na mfanyabiashara mdogo aliyechoka kukodi pikapu ya mwenzake kila siku ya mnada, hufunga safari kwenda Babati, Singida au Arusha kutafuta gari lililotumika. Huko madalali humpokea kwa maneno matamu. Naye kichwani amebeba ushauri wa rafiki zake: ukiona gari lina chuma cha kufungia tela nyuma, achana nalo, hilo limeshachoka.

Kwa mtazamo wangu, ushauri huo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inaweza kumtia mtu hasara kubwa kuliko uongo mtupu. Chuma cha tela si ugonjwa wa gari. Ni shahidi. Shahidi hafukuzwi mahakamani kabla hajahojiwa.

Nianze na upande wenye ukweli. Gari linalovuta tela hufanya kazi ya ziada kila linapoondoka, linapopanda mlima na linaposimama. Klachi huisha mapema, giaboksi na difu hupata joto, rejeta huelemewa, breki hulika, na springi za nyuma hulala kwa sababu tela hukandamiza mkia wa gari. Anayepandisha mzigo mlima Magara kuelekea Mbulu anajua injini inavyolia hata bila tela. Kwa gari la otomatiki hatari ni kubwa zaidi, kwani oili ya giaboksi ikiungua mara nyingi, giaboksi nzima hufuata, na bei yake inaweza kumeza faida ya msimu. Kwa hiyo anayeogopa chuma hicho hana kichaa. Ana sababu.

Tatizo ni pale anapodhani kwamba gari lisilo na chuma limesalimika. Hapa kwetu gari haliteswi kwa tela peke yake. Mvua zikichanganya, udongo mweusi wa mbuga za Basotu na vijiji vya jirani hugeuka utelezi unaonasa magari, na aliyenasa huvutwa na gari lolote linalopita, kwa kamba au mnyororo uliofungwa popote panapofikika chini yake. Aidha, pikapu nyingi hubebeshwa lumbesa za vitunguu na magunia ya mahindi mpaka matairi ya nyuma yagusane na bodi, na abiria wakakaa juu. Gari la namna hiyo halina chuma chochote nyuma, lakini limevuta na kubeba kuliko gari lenye chuma la ofisi fulani ambalo kazi yake ilikuwa kupeleka wataalamu kwenye semina.

Hapo ndipo asili ya gari inapokuwa na maana. Magari madogo yaliyotumika yanayotoka Japani kwa kawaida huja bila chuma hicho, kwa sababu huko kuvuta tela kwa gari la nyumbani si jambo la kawaida. Ukikiona kwenye gari kama hilo, uliza ni nani aliyekifunga, lini, na kwa kazi gani. Yapo pia magari ya Uingereza, ambako watu wengi huvuta tela la mizigo au nyumba ndogo ya mapumziko mara chache kwa mwaka. Halafu kuna Land Cruiser na Land Rover za miradi, mashirika na Serikali, ambazo baadhi hununuliwa mpya zikiwa na chuma kama sehemu ya vifaa vyake, na huenda zisifunge tela hata siku moja mpaka zinapofika kwenye mnada. Chuma ni kilekile, lakini historia ni tofauti kabisa.

Sasa shahidi huyu ahojiwe vipi? Anza na kile kichwa cha mviringo ambacho tela hukaa juu yake. Cha kawaida huwa na kipenyo cha milimita 50 kikiwa kipya, na kikilika hadi kufikia milimita 49 hutakiwa kubadilishwa. Fundi mwenye kipimo atakupa jibu kwa dakika moja. Kichwa ambacho bado kina rangi yake pande zote hakijafanya kazi kubwa. Kilicholika upande mmoja, kinachong'aa na kuwa na mikwaruzo mirefu, kimevuta sana, hata kama muuzaji anaapa vinginevyo. Ila kichwa kipya kabisa kwenye chuma kilichozeeka nacho kinataka maelezo.

Baada ya hapo lala chini ya gari. Usione aibu, fedha ni zako. Angalia chuma kimefungwaje. Kilichofungwa kwa bolti imara kwenye chesisi, yaani ile fremu ya chini inayobeba bodi, ni afadhali. Kilichochomelewa mtaani kwenye bampa au kwenye bati la sakafu ni hatari kwako na kwa anayekufuata barabarani. Tafuta nyufa, mahali palipochomelewa upya na rangi mbichi iliyopakwa sehemu moja tu. Linganisha springi za kushoto na za kulia, na uangalie kama kuna majani ya springi yaliyoongezwa. Tazama tundu la umeme la taa za tela na nyaya zake. Nyaya zilizounganishwa ovyo huweza kuleta shoti na kuunguza zaidi ya taa.

Kisha liendeshe, na si kwa kuzunguka yadi tu. Tafuta kilima, panda kwa gia ya tatu na ukanyage mafuta. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha. Sikiliza difu kama inavuma. Kwa gari la otomatiki, chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kama kipo. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inakwambia uondoke. Wakati wote huo uwe na fundi wako uliyemlipa wewe, si yule aliyeletwa na dalali, maana anayelipwa na dalali huona kile dalali anachotaka kionekane.

Kuna gari ninaloliogopa kuliko lenye chuma, nalo ni lile lililong'olewa chuma kabla ya kupelekwa sokoni. Wauzaji nao wamesikia ule ushauri wa vijiweni, hivyo mwenye hila hukata chuma, hupaka rangi na hutangaza kwamba gari halijawahi kuvuta hata baiskeli. Alama hubaki: matundu ya bolti kwenye chesisi, bampa lenye pengo katikati chini, nyaya zilizokatwa na kufungwa utepe. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini katika biashara hii anayelia ni mnunuzi. Mwenye gari lenye chuma amekuonyesha walau sehemu ya habari zake.

Ukishapima yote hayo na gari likafaulu, chuma hicho kinageuka kuwa faida yako. Kwanza ni hoja ya kupunguza bei: fundi akisema klachi na springi zinakaribia kuisha, gharama yake itoke kwenye bei kabla hujalipa, si baada ya kufika nyumbani. Pili, mkulima ana kazi nalo. Watu wa Hanang wanajua thamani ya tela tangu mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Tela dogo la kuchotea maji, kubebea mbegu na mbolea, au kupeleka mbuzi mnadani, linaokoa fedha za kukodi.

Hata hivyo, hesabu lazima zifanyike. Chukua mfano wa Land Cruiser ya pikapu, gari linaloaminika kwa nguvu. Mtengenezaji anaruhusu livute hadi kilo 3,500, lakini kwa tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kama mengi yanayotengenezwa na mafundi wetu, kikomo chake ni kilo 750 pamoja na uzito wa tela. Kama tela lina kilo 250, umebakiwa na kilo 500, yaani magunia matano ya mahindi ya kilo 100. Si kumi na tano. Ukijaza lumbesa, hata hayo matano yatakuwa yamezidi. Gari dogo huwa na kikomo cha chini zaidi, nacho hutajwa kwenye kitabu cha gari au kibati cha mtengenezaji.

Lingine ni usalama. Kile kichwa cha mviringo hakikutengenezwa kwa kukwamulia gari matopeni. Kamba ikifungwa hapo na gari likavuta kwa kushtukiza, kichwa kinaweza kukatika na kuruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali. Gari lako linapomsaidia aliyenasa, tumia ndoano za kukwamulia zilizofungwa kwenye chesisi, na watoto na watazamaji wasogezwe mbali. Tela nalo lisajiliwe, taa zake ziwake, na uulize kampuni yako ya bima kama inalitambua kabla ya kuliingiza barabarani.

Ndugu msomaji, mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi wa kumwokoa akikosea. Mwaka 2017, India ilipozuia kuingizwa kwa mbaazi kutoka nje, bei ilianguka na wengi wa mkoa wa Manyara walibaki na magunia ndani. Mtu aliyekuwa ameweka akiba yake yote kwenye gari bovu mwaka kama ule asingeweza hata kulitengeneza. Ndiyo maana sikubali uamuzi mzito kama huo uachiwe kipande kimoja cha chuma, kiwepo au kisiwepo.

Anayekwenda kununua gari msimu huu aende na fundi wake, kipimo na tochi, na asitoe fedha siku ya kwanza. Gari lenye chuma likifaulu, alinunue kwa bei inayostahili. Lisilo nacho likishindwa, aliache hapohapo, hata kama linang'aa kama kioo.