SEHEMU YA 4: Losheni "nyepesi" na chunusi zako

Jamani, tuendelee. Tangu sehemu ya 3 mmenitumia picha za vipele vya paji la uso na mashavu, na karibu wote mnasema kitu kimoja: "Sista, mimi sipaki mafuta mazito. Natumia losheni nyepesi, inakauka hapo hapo."

Hiyo "inakauka hapo hapo" ndiyo ugomvi wangu wa leo.

Geuza chupa. Kwenye yale maandishi ya kusomea tochi ya simu, tafuta isopropili miristeti. Ni mafuta ya kiwandani: asidi ya miristiki, ambayo hata kwenye nazi ipo, inaunganishwa na alkoholi ya isopropili. Yanatoka majimaji, hayanati. Hayajakauka mpenzi, yamezama. Yalipojaribiwa kwenye masikio ya sungura yaliziba vinyweleo, na chunusi za vipodozi Kligman na Mills waliziandika tangu 1972 huko Marekani. Sikio la sungura siyo shavu lako, najua, na siyo kila mtu atatoka vipele. Miguuni paka, sina neno. Usoni kwa mwenye chunusi, hapana.

Ninayemkasirikia ni muuza duka. Binti anarudi na vipele, anaambiwa ana "damu chafu", anauziwa tyubu ya klobetasoli. Ile ni steroidi kali, dawa ya kuandikiwa na daktari! Wiki ya kwanza uso unang'aa, duka linasifiwa mtaa mzima. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaonekana, na ukiacha, chunusi zinarudi na ndugu zao. Kibaya zaidi, watengenezaji wa dawa huitumia isopropili miristeti makusudi ili dawa ipenye ngozi. Sasa wewe unakoroga losheni na tyubu kwenye kopo moja. Umeifungulia steroidi mlango na kuikaribisha ndani.

Halafu mnawacheka wanaopaka mafuta ya mgando, eti ya kishamba! Mgando usio na marashi unakaa juu ya ngozi na kuzuia maji yasipotee, basi. Mwanangu nampaka huo huo.

Kama tyubu umeshaipaka wiki kadhaa, usiache ghafla ukajifungia ndani na uso umewaka. Nenda kliniki ya ngozi na chupa zako zote, hata ile unayoificha chini ya kitanda.

Sehemu ya 5 ni sabuni. Jiandaeni.