Meli Nyingi, Deni Zito
Meli ya kuhudumia visima vya mafuta baharini ni lori la majini: chumba cha nahodha mbele, nyuma sitaha ndefu ya kubebea mabomba, chini matangi ya mafuta, maji na saruji. Lakini lori lisilo na mzigo ni gharama tupu. Pipa la mafuta lilishuka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 30 Januari 2016. Wachimbaji wakapunguza kazi, meli zikaegeshwa. Mwaka 2017 Tidewater ya Marekani, kongwe wa biashara hii, ilifilisika. Wadai walichukua takriban asilimia 95 ya kampuni iliyoundwa upya. Wenye hisa wakaachiwa makombo. Mnunuzi wa hisa asihesabu meli; ahesabu deni, na miezi iliyobaki kwenye mikataba.