Cheti cha Jina Hakimlindi Mwenye Jina

Kwa jirani yangu wa Mbagala, cheti cha usajili wa jina la biashara kilikuwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, kati ya picha ya harusi na kalenda ya msikiti. Anasaga unga wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, soya na karanga za kukaanga. Watoto wengi wa mtaa wetu wamenyweshwa uji huo, na wa kwangu wamo. Jina la unga wake sitalitaja. Ni maneno mawili tu, na la pili ni jina la binti yake wa kwanza.

Siku moja mteja wa Kongowe akamletea pakiti. Jina lile lile, kijani kile kile, hata kijiko kilichochorwa pembeni ni kile kile. Namba ya simu iliyoandikwa chini ndiyo haikuwa yake. Jirani yangu hakupiga kelele. Aliteremsha fremu, akaifunga kwenye kanga, akanigongea mlango: "Baba Salma, nisindikize kwa wakili." Tukaenda. Wakili, kijana mwenye heshima zake, alikisoma cheti mbele na nyuma.

"Mama, hili ni jina la biashara. Alama umesajili?"

"Alama ipi tena, mwanangu? Jina si ndilo hili?"

Swali hilo la mama ndilo lililonifanya niandike. Wajasiriamali wadogo huhimizwa kila uchao kurasimisha biashara zao. Kwenye semina, kwenye maonesho ya Sabasaba na Nanenane, redioni, wito ni mmoja: sajili jina lako, ulilinde. Sehemu ya kwanza ya wito huo naiunga mkono kwa moyo wote. Ya pili, kama inavyosemwa, inawapotosha watu ambao hawana cha kupoteza zaidi ya jina lenyewe.

Tuanze na kazi ya cheti chenyewe. Tanzania Bara, anayefanya biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe kamili anatakiwa alisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Siku hizi maombi hufanywa kwa njia ya mtandao, kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Ada ni shilingi 15,000 za usajili na 5,000 za mwaka, jumla 20,000. Anayejiita sokoni kwa majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho halazimiki. Lakini ukijiita Mama Fulani unalazimika, kwa sababu mbele ya sheria Mama Fulani si jina lako. Hapo sheria na mtaa hupishana. Huku kwetu mwanamke akishajifungua, majirani hawamwiti tena kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wengi hawalijui kabisa. Jina ambalo kila mtu anamjulia ndilo sheria inalihesabu kuwa la kubuni.

Mpishano huo hautokani na uzembe wa karani yeyote. Chimbuko lake ni mbali. Sheria yetu ya majina ya biashara tuliirithi tangu Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na wao kwao waliitunga yao mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto. Walitaka kujua ni nani hasa aliye nyuma ya kibao cha duka, asije akawa mgeni kutoka nchi adui aliyejificha kwenye jina la Kiingereza. Fomu ilimtaka mwenye biashara aseme hata uraia wake. Kwa hiyo daftari lile, tangu siku ya kwanza, liliwekwa kwa ajili ya mtu aliye upande wa pili wa kaunta: mteja, mkopeshaji, mwenye kudai. Likuonyeshe wa kumshika pale mambo yakiharibika. Mwaka 1982 Waingereza wenyewe walilifuta daftari lao, wakaamuru tu kwamba anayetumia jina lisilo lake aliandike jina lake halisi na anwani kwenye barua, kwenye ankara na mahali pa biashara.

Sisi tumebaki nalo, na sioni ubaya. Mteja wa Tandika aliyeuziwa unga wenye ukungu ana haki ya kujua anayemdai ni nani. Kosa ni kumwambia mwenye unga kwamba daftari hilo ni ngao yake. Ni kama kumpa mtu kitambulisho cha kupigia kura ukamwambia ndiyo hati ya kiwanja.

Cheti hakimuundi mtu mpya kisheria. Deni la biashara linabaki deni la mwenye biashara, na akishindwa kulipa, hata friji yake ya nyumbani inaweza kuguswa. Msajili hukataa jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa, na hilo ndilo watu wanalolichukua kuwa ulinzi. Lakini anachokilinda Msajili ni daftari lake, lisiwe na watu wawili wa jina moja. Haendi sokoni kukagua pakiti. Mwenye pakiti ile ya Kongowe alikuwa amesajili biashara yake kwa jina jingine kabisa, lenye "Enterprises" mkiani. Maneno mawili ya jirani yangu aliyaweka kwenye pakiti tu. Daftari la majina halikuwa na neno la kumwambia.

Kwa hiyo nasikia wenye kusema: basi usajili wa nini? Wanaouliza hivyo si wavivu, na hoja yao ina uzito. Muuza chapati au fundi cherehani anaona mlolongo mrefu: jina, namba ya mlipakodi, leseni ya halmashauri, na akifungasha chakula, viwango pia. Kila mlango una mtu mwenye stakabadhi. Wengi huishia kwenye steshenari ya jirani, ambako kijana mwenye kompyuta huwajazia fomu kwa malipo yake na huweka barua pepe yake mwenyewe kwenye maombi. Siku ya kubadilisha taarifa, mwenye biashara hana nywila ya jina lake. Na vishoka wapo, wanaotoza mara kadhaa ya ada halali. Kisha kuna ile 5,000 ya kila mwaka. Aliyesajili akaamini amemaliza hukuta deni limejikusanya siku anapokihitaji cheti.

Zaidi ya yote kuna hofu ya kodi. Hofu hiyo naielewa, ila ni kubwa kuliko kodi yenyewe. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayavuki shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Ni kiwango hicho hicho kilichotumika Desemba 2018, Rais Magufuli alipogawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Tazama: bei ni sawa na ya kusajili jina. Tofauti ni kwamba machinga alielezwa wazi anachokinunua, yaani asibughudhiwe njiani akiwa na bidhaa zake. Mtu akijua anachokinunua, anaweza kupima mwenyewe kama kina thamani ya pesa yake.

Na cheti cha jina kina thamani yake, nisije nikaeleweka vibaya. Bila cheti benki haikufungulii akaunti kwa jina la biashara. Duka kubwa halipokei unga wako bila ankara yenye jina linalotambulika. Shule ya awali inayotaka kununua kilo 50 kwa mwezi itauliza karatasi. Jirani yangu alikichukua kwa sababu hiyo, na kilimfungulia milango miwili ya maduka. Ningemshauri mwingine afanye vivyo hivyo kesho asubuhi, maadamu anajua kinaishia wapi.

Kinapoishia ndipo alama ya biashara inapoanzia, chini ya sheria ya mwaka 1986 ya alama za biashara na huduma. Huko ndiko kuna miliki yenyewe: haki ya kumzuia mwingine asitumie jina au mchoro wako kwenye bidhaa za aina yako. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na huko ndiko mdogo anakokwama. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika makundi 45, na kila kundi lina ada yake. Unga uko kundi la 30. Siagi ya karanga, ambayo jirani yangu ameanza kuitengeneza kwa mashine ile ile na karanga zile zile, iko kundi la 29. Akiamua kufungua kibanda cha uji, hilo ni kundi la 43. Mama mmoja, chumba kimoja, makundi matatu. Akivusha katoni kwa boti hadi Unguja, alama yake ya Bara haivuki naye, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake na msajili wake.

Njia ya mahakama ipo hata kwa asiyesajili alama, kwa kumshtaki mtu anayeuza bidhaa zake kana kwamba ni zako. Lakini ni lazima uthibitishe kwamba jina limejengeka kwa wateja na kwamba wamedanganyika. Utathibitishaje, wewe ambaye risiti zako ni daftari la mkopo lenye madoa ya mafuta? Wakili alimweleza mama haya polepole, wala hakumficha gharama yake.

Kuna jambo jingine ambalo semina hazilisemi, nalo linanihuzunisha kwa sababu linagusa lugha. Kwa kuwa daftari ni moja kwa Bara nzima, majina mazuri mafupi ya Kiswahili yalikwisha mapema. Neema, Upendo, Baraka, Amani: ukitaka mojawapo utaambiwa lipo. Mtu huongeza mkia, na mkia karibu wote ni wa Kiingereza: Investment, General Supplies, Enterprises. Mama lishe wa Masasi anarudi na cheti chenye jina ambalo wateja wake hawalitamki. Lile wanalolitamka linabaki nje ya daftari, halina mwenyewe. Kwenye alama mtego unageuka: ukijiita kwa maneno yanayotaja bidhaa tu, "Unga Bora wa Lishe" kwa mfano, utakataliwa, maana hakuna wa kumilikishwa maneno ambayo kila muuza unga anayahitaji. Kanuni hiyo ni ya haki. Mwaka 2006 kampuni moja huko Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake. Wakenya wakaweka pingamizi, na ombi likaondolewa. Kikoi ni nguo ya pwani nzima. Lakini walioliokoa neno lile walikuwa wamepata habari mapema na walikuwa na mawakili. Mama wa Mbagala anaipata habari kwa mteja aliyeshika pakiti mkononi.

Kinachoweza kubadilika si kigumu, na Tanzania Bara ina bahati ambayo jirani zetu wa Kenya hawana. Kwao majina ya biashara yako kwenye taasisi moja na alama ziko kwenye taasisi nyingine. Kwetu madaftari yote mawili yako BRELA, nyumba moja. Kwa hiyo anayeandika jina lake kwenye mtandao aonyeshwe papo hapo kama limekwisha kuchukuliwa kama alama, badala ya kulijua baada ya kuchapisha vifungashio 2,000 Kariakoo. Kisha chini ya cheti iandikwe sentensi moja, kwa Kiswahili cha sokoni na kwa herufi za kusomeka bila miwani: cheti hiki hakimzuii mtu mwingine kutumia jina lako kwenye bidhaa. Sentensi hiyo ingetosha kumfanya jirani yangu aulize swali lake miaka mitatu kabla.

La tatu lina gharama, na nalisema nikijua hivyo. Mwenye biashara ndogo apewe kundi moja la alama kwa ada anayoiweza, mara moja, pamoja na jina. Wapo watakaosema daftari la alama litajaa vijina visivyo na maana, na kampuni kubwa zitakosa nafasi. Hoja hiyo siikubali. Jina lililokwishalisha watoto wa mtaa mzima lina maana kuliko majina mengi yanayosajiliwa na kuwekwa kabatini na watu wasiouza hata pakiti moja. Na ikiwa hofu ni wingi, sharti la kutumia alama kweli lisimamiwe. Isiyotumika ifutwe.

Jirani yangu aliuza pete moja. Akapeleka ombi la alama, kundi la 30 peke yake. Siagi ya karanga itasubiri. Ombi likishakubaliwa hutangazwa kwenye jarida la Msajili, na kwa siku 60 yeyote mwenye pingamizi anaweza kulileta, hata yule mwenye pakiti ya Kongowe. Fremu haijarudi ukutani. Pale ilipokuwa amepigilia kikaratasi chenye tarehe, na kila jioni akishafunga mashine, binti yake, mwenye jina, anakata siku moja kwa kalamu nyekundu.