Mchoraji atajwe jina kazi yake inapouzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu sisi wasanii wa mikono wa Nyanda za Juu Kusini, ambao siku hizi tunauza kazi zetu wenyewe kwa njia ya intaneti.

Mimi ni mchoraji hapa Mwanjelwa, Mbeya. Zamani soko letu lilikuwa mtalii wa kubahatisha, au dalali kutoka Dar es Salaam aliyekuja na bei yake mfukoni. Leo napiga picha ya kazi yangu kwa simu, naiweka Instagram, mteja wa Arusha ananiandikia, analipa kwa simu, na mzigo unapanda basi. Kwa hilo sina malalamiko. Bei naipanga mimi.

Ninacholalamikia ni jina. Mwaka jana picha yangu ya mlima Loleza niliikuta imechapwa kwenye fulana katika duka moja la mtandaoni. Saini yangu iliyokuwa pembeni imekatwa. Nilipomwandikia mwenye duka alinijibu, bila haya, kwamba kilichowekwa hadharani ni cha wote.

Ndugu Mhariri, hiyo si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mchoraji tangu anapoitengeneza kazi yake, hata kama hajaisajili popote. Ulinzi huo ni wa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata anayeinunua picha yenyewe amenunua ubao na rangi. Haki ya kuichapa kwenye fulana inabaki kwa mchoraji mpaka waandikiane vinginevyo.

Wenzetu wa Iringa wana tatizo la aina hiyo hiyo. Kikapu cha Iringa, kile wanachosuka akina mama wa Kihehe kwa milulu, kinauzwa mpaka Ulaya na Marekani. Jina la mji linasafiri nacho, la msukaji mara nyingi linabaki kijijini. Kadhalika vyungu vya Wakisi huko Kyela. Akina mama huvifinyanga Ikombe, huvivusha kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, na vikishapakiwa kwenye gari hakuna tena anayejua ni vya nani. Anayefika Neema Crafts pale Iringa, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 na Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, anawaona mafundi wenye ulemavu wakifanya kazi kwa macho yake. Mnunuzi wa mtandaoni hamwoni fundi. Bila jina hana cha kumjulisha.

Na jina si jambo dogo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu! Lakini alitia saini, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Kwa hiyo nawashauri wasanii wenzangu watie saini mbele ya kazi, na nyuma waandike jina, mahali na mwaka. Mtandaoni waweke picha ndogo, ile kubwa isiyokatwa wabaki nayo pamoja na tarehe yake, maana ndiyo ushahidi siku ya ugomvi. Wanaoweka vikapu vya vikundi mtandaoni nao waandike kila kimoja kimesukwa na nani. Kijikaratasi kilichofungwa kwenye mkono wa kikapu kinatosha, wala hakina gharama.

Kwa wahusika nina ombi. Ofisi ya Hakimiliki, ambayo wengi tunaijua kwa jina la COSOTA, iko mbali na sisi. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mimi binafsi sijawahi kumwona afisa wake hapa Mwanjelwa. Je, haiwezekani maofisa utamaduni wa halmashauri zetu wakafundishwa sheria hii, ili msanii aliyeibiwa picha apate mahali pa kuanzia bila nauli ya basi? Na mwenye duka akikataa kujibu barua, hatua inayofuata ni ipi?

Naomba wahusika wanijibu kupitia ukurasa huu huu.

Mchoraji,
Mwanjelwa, Mbeya.