Paukwa ya Filamu ya Taharuki: Majina, Sauti na Pwani ya Kusini

Katika mabanda ya video ya Ukunda na Msambweni, hasa katika miaka ya 2000, filamu haikuanza kwa namna aliyoikusudia mwelekezi wake. Watazamaji walibanana mabenchini, mlango ukafungwa kuzuia mwanga, mashine ikawashwa, na kabla jina la kwanza halijasomeka kwenye kioo, sauti ya mtu mwingine kabisa ilikuwa imekwisha kuingia. Ilikuwa sauti ya mfasiri, DJ Afro au mmoja wa waigaji wake, akijitambulisha, akiwaamkua waliohudhuria, akiwaonyesha nani 'stelingi' na nani adui. Nyuma ya sauti hiyo majina ya Wachina au Wahindi walioitengeneza filamu yalipita moja baada ya jingine, na hapana aliyeyasoma.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaijua vyema thamani ya mwanzo. Hapana mtihani wa fasihi simulizi usiogusia Paukwa na Pakawa: kwamba ni fomula ya kuitenga hadithi na maisha ya kawaida, kwamba mtambaji hutaka kwanza kuitikiwa ndipo aendelee, kwamba asiyeitikia hana haki ya kusimuliwa. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo akiketi mbele ya filamu ya taharuki huipita dibaji yake, yaani ile sehemu ambapo jina la filamu na majina ya wahusika wa kazi huandikwa juu ya picha na muziki, kama mtu apitavyo kibao cha barabarani. Makala haya yanashikilia kwamba dibaji hiyo ni matini kamili inayostahili kuhakikiwa kwa zana zile zile za fasihi, na kwamba kuipuuza kumeigharimu filamu ya Kiswahili, na pwani ya Kwale hasa, gharama isiyo ndogo.

Uhusiano wa dibaji na fasihi yetu si wa kubuniwa. Mtunzi wa utendi hakuwahi kuuvamia mkasa moja kwa moja. Alianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, akamsifu Mtume, mara nyingi akaagiza wino na karatasi, na baada ya hapo tu ndipo vita au wasia ukaanza. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, humwita binti yake asogee na kushika kalamu kabla ya kumpa neno lolote la wasia. Mhakiki wa Kifaransa Gérard Genette alichapisha mwaka 1987 kitabu kizima kuhusu mambo haya, jina, dibaji, tabaruku, jalada, na akakiita kwa neno lenye maana ya vizingiti. Mswahili hakuhitaji kungoja mwaka 1987 ajue thamani ya kizingiti. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyetunga utendi wa Fumo Liyongo, alikuwa pia mwandishi stadi wa khati na mchongaji wa milango. Mkono uliochonga mlango ndio ulioandika bismillahi ya utendi, na si ajabu, kwani kazi zote mbili zilimwandaa mgeni kabla hajaingia ndani.

Filamu ya taharuki inahitaji kizingiti kuliko filamu nyingine yoyote, kwa sababu inaishi kwa kile inachokificha. Tuitazame *Psycho* ya Alfred Hitchcock (1960). Dibaji yake, iliyosanifiwa na Saul Bass, haina hata sura moja ya mtu. Ni mistari tu inayokata kioo kwa kasi, majina yakipasuka vipande na kuungana tena, huku nyuzi za muziki wa Bernard Herrmann zikikwaruza kama zinazofukuzwa. Kisu hakijaonekana, lakini mkato umekwisha kutokea mara nyingi machoni mwa mtazamaji. Jina la Janet Leigh, nyota aliyefahamika na wengi, linawekwa mwisho wa orodha ya waigizaji, mahali pa heshima, na mtazamaji anatulia akijua kwamba huyu ndiye wa kufuatwa hadi tamati. Atauawa kabla filamu haijafika nusu. Kumbe heshima ile ilikuwa mtego. Baada ya majina, kioo kinataja mji, tarehe, na saa hadi dakika: Phoenix, Ijumaa tarehe 11 Desemba, saa nane na dakika arobaini na tatu mchana. (Mfasiri atakayeandika saa mbili atakuwa ameivuruga siku nzima, na wafasiri wa namna hiyo wapo.) Ngano hutwambia hapo zamani za kale na kutuachia wakati usio na mipaka, ilhali taharuki hutukabidhi saa ya ukutani na kututaka tuihesabu.

Miaka miwili nyuma, katika *Vertigo* (1958), Bass alilitoa jina la filamu ndani ya mboni ya jicho la mwanamke, likafuatwa na mizunguko isiyo na kikomo. Asiyejua lolote kuhusu hadithi amekwisha kujua kwamba kuna kichwa kitakachozunguka. Lakini mfano unaofaa kudurusiwa kwa makini zaidi ni *Se7en* ya David Fincher (1995). Dibaji yake ni kazi ya Kyle Cooper. Inaonyesha vidole vikishona madaftari, vikikata picha, vikifuta maneno, vikikwangua ngozi ya ncha zake ili visiache alama. Majina yamekwaruzwa kwa mkono unaotetemeka. Mtazamaji anadhani anaangalia mapambo, na kumbe anamwangalia muuaji kazini, saa nzima na zaidi kabla ya kukutana naye. Jambo la kushangaza ni kwamba jina la mwigizaji wa muuaji huyo, Kevin Spacey, halimo katika dibaji. Liliachwa makusudi, likaja kutajwa mwishoni. Mtazamaji aliyeyasoma majina yote na akangoja kila mwigizaji ajitokeze hakupata kidokezo chochote. Pengo katika orodha limekuwa sehemu ya msuko. Mhakiki anayeuliza nani ametajwa, nani hakutajwa na kwa nini, hauulizi swali la kikarani. Anauliza swali la fani.

Kisa cha *Touch of Evil* (1958) cha Orson Welles kinalikaza swali hilo. Bomu linategwa garini, na kamera inalifuata gari kwa zaidi ya dakika tatu bila kukata, barabarani mwa mji wa mpakani. Kampuni iliyomiliki filamu iliyaandika majina juu ya tukio hilo na kuweka muziki wa Henry Mancini. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 kulalamikia namna filamu ilivyohaririwa upya, na mwaka 1998 Walter Murch aliihariri tena kwa kuufuata waraka huo: majina yakaondolewa mwanzoni, muziki ule pia, zikabaki sauti za mabaa na redio za mitaani. Wapenzi wa filamu wengi waliusifu uamuzi huo, na kwa upande wa taharuki walikuwa na haki, maana jicho linalosoma majina halilingojei bomu. Hata hivyo, upo uzuri fulani katika toleo la kwanza usiotajwa sana. Majina yakielea juu ya bomu, kila fundi anatajwa katika hali ya hatari, kana kwamba naye yumo garini.

Turejee bandani. Mfasiri wa banda alifanya jambo lililo kinyume na Welles na vilevile kinyume na kampuni yake: aliacha majina kiooni lakini akayaziba kwa sauti. Tanzania ilikuwa na wake pia, naye aliyevuma zaidi alikuwa Lufufu, Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake ilisikika katika kanda zilizotapakaa nchini humo. Wasomi wamewasuta wafasiri hawa kwa kupotosha, na ni kweli walipotosha. Ila walielewa jambo ambalo waandaaji wengi wa filamu za Kiswahili hawajalielewa hadi leo: kwamba hadhira ya Mswahili haiingizwi ndani kimya kimya. Inaitwa, inaitikia, ndipo inasimuliwa. Dibaji ya Kikantoni isiyomwambia kitu kijana wa Ukunda iligeuzwa paukwa. Gharama yake ilikuwa majina ya watu, na gharama hiyo haifai kufichwa kwa sifa.

Wapenzi wa filamu za Kihindi, ambao pwani haijawahi kuwakosa, walilelewa katika desturi nyingine. Wao walianza kwa cheti cha bodi ya India kikitaja idadi ya reli za filamu, wakapima kwa macho muda watakaokaa vitini. Katika *Sholay* (1975) majina yanapita juu ya safari ndefu ya farasi kutoka stesheni ya treni hadi nyumbani kwa Thakur, gitaa la R. D. Burman likiwasindikiza wapanda farasi. Majina na nchi vinakwenda pamoja, hapana kinachomziba mwenzake. Mtazamaji akifika mlangoni kwa Thakur amekwisha kuujua mji, vumbi lake, wakazi wake na kazi zao. Kwa kaida za utambaji, hii pengine ndiyo dibaji iliyo karibu zaidi nasi.

Filamu zetu zenyewe zimefanya nini? Jibu linakera. Filamu inazungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na kizingiti chake ni cha Kiingereza. *Nairobi Half Life* (2012) yake David Tosh Gitonga, mojawapo ya filamu bora za uhalifu zilizotoka Kenya, inasema Kiswahili, Kikuyu na Sheng kwa ufasaha wa kupendeza, na shujaa wake ni kijana anayeuza filamu za kigeni kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, yaani mfasiri wa banda kwa jina jingine. Lakini mlangoni pameandikwa Kiingereza. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012 akiwa kipenzi cha Afrika Mashariki nzima, aliwapa Waswahili *Dar 2 Lagos* na *Oprah*. Hoja ya soko inajulikana na haina haja ya kurudiwa. Lakini soko lililokataa maneno ya Kiswahili juu ya picha ni soko gani, ilhali kanga imeuzwa kwa zaidi ya karne kwa kufanya hivyo hivyo? Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mwanamke wa Msambweni huichagua kwa jina kwanza, kisha rangi. Jina moja fupi la fumbo, likasomwa na jirani aliyekusudiwa na kumnyima usingizi: hiyo ni taharuki ambayo Bass angeihusudu.

Upande wa picha nao una lawama zake. Aghalabu filamu au tamthilia ya runinga ikiazimia kutuambia kwamba tumefika pwani ya kusini, hurusha kamera angani juu ya Diani: mchanga mweupe, minazi, jahazi moja, maji ya samawati. Picha hiyo ni ya mgeni wa hoteli, na haimwandai mtazamaji kwa uhalifu wowote isipokuwa wa bei ya chumba. Kumbe nchi hiyo imejaa vizingiti vya taharuki visivyohitaji kubuniwa. Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, iko hatua chache kutoka ufuo huo huo, na haiingiwi bila ruhusa wala bila adabu zake. Msikiti wa kale wa Kongo umesimama chini ya mibuyu karibu na mlango wa mto Mwachema. Juu ya barabara ya Diani kumetundikwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Kamera ingoje hapo jioni, mbega mmoja akiwa katikati na lori likija, na majina yaandikwe. Kusini zaidi kuna mapango ya Shimoni na kumbukumbu zake za watumwa. Na katika Msambweni kuna ardhi iliyochimbwa madini ya titani tangu mwaka 2013 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024: matuta yaliyohamishwa, familia zilizohamishwa, meli zilizopakia mchanga Likoni. Dibaji ya *True Detective* (2014) iliyaweka mandhari ya viwanda vya Louisiana ndani ya nyuso za wahusika, na ulimwengu ukasifu. Uso wa Mdigo wenye tuta la Maumba ndani yake bado unangoja.

Vivyo hivyo ngoma. Sengenya ina ala zake, wapigaji wake na mpangilio wake, na sikio lililoizoea haliichanganyi na ngoma nyingine. Inapotumika kama kelele za kiafrika nyuma ya majina, bila jina lake wala la mpigaji hata mmoja kuandikwa, orodha ina pengo, lakini si pengo la *Se7en*.

Yupo mhadhiri atakayesema kwamba haya ni mambo ya wachoraji na mafundi mitambo, na kwamba tasnifu ya Kiswahili ihusu maneno. Maneno yapo: jina la filamu, mpangilio wa majina, lugha iliyochaguliwa, hati ya maandishi, kimya baina ya jina na jina. Anayeweza kueleza kwa nini mtunzi wa utendi alitanguliza sifa na kuchelewesha mkasa hana udhuru wa kushindwa hapa.

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba dibaji yenyewe inakufa. Mwaka 2017 Netflix ilianza kuwapa watazamaji kitufe cha kuiruka, na kijana wa leo anatazama kwenye simu akiwa matatuni kati ya Ukunda na Likoni. Lakini tofauti na zamani si kubwa kama inavyodhaniwa. Bandani, mara tu adui alipoanguka na stelingi akaondoka, mwenye banda alitoa kanda ili onyesho la pili lianze, na orodha ya mwisho haikuonekana hata siku moja. Kwenye simu nayo orodha hiyo hufinywa kuwa kijidirisha pembeni huku filamu nyingine ikijisukuma mbele. Mpigaji wa sengenya, msichana wa Gazi aliyepita na ndoo kichwani katika tukio la tatu, kijana aliyemfundisha mwigizaji wa Nairobi kutamka Chidigo: wakiachwa waje kutajwa mwisho, watakuwa wametajwa mbele ya mabenchi matupu.