Sakafu ya Bahari Ina Wenyewe

Toleo hili linahusu wanyama ambao wasomaji wetu wengi wa Naitiri hawajawahi kuwaona wakiwa hai: majongoo bahari wa kilindini. Najua swali litakaloulizwa kuanzia Tongaren hadi Kitale. Mkulima wa mahindi ana shughuli gani na mnyama wa chini ya bahari? Hata maji ya mito yetu hayafiki Bahari ya Hindi. Huingia Nzoia, Nzoia ikayamwaga Ziwa Viktoria kule Budalang'i, na kutoka huko yakafuata Mto Naili kuelekea kaskazini. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la wazi. Sakafu ya bahari kuu ni mali yetu kisheria, sisi pamoja na wanadamu wengine wote. Sakafu hiyo sasa inakaribia kuchimbwa. Na mwenye mali hawezi kutoa idhini ya maana juu ya kitu asichokijua. Hiyo ndiyo hoja ya toleo zima.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Watu wa Vanga, Shimoni na Gazi wanamfahamu jongoo bahari wa maji mafupi. Humwokota maji yanapokupwa au humzamia, kisha humchemsha, humkausha na kumuuza kwa wanunuzi wanaompeleka Asia. Ni wa ukoo mmoja na kiti cha pweza. Hana kichwa wala ubongo. Ana mzingo wa neva tu unaozunguka mdomo. Ndugu zake wa kilindini wana mwili laini zaidi, mithili ya utomvu, na karibu wote ni maji. Ndiyo maana shinikizo la maji haliwapondi: ndani yao hamna hewa ya kubanwa. Wengi wao hawana hata kiungo maalumu cha kupumulia, bali oksijeni hupenya kwenye ngozi.

Kina tunachokizungumzia ni kigumu kukifikiria kwa mtu aliyezaliwa bara, lakini sisi tunacho kipimo chetu. Mwezi Machi 1951 meli ya utafiti ya Denmark, Galathea, ilikokota wavu wake kwenye sakafu ya bahari mashariki mwa pwani ya Afrika Mashariki, ikafika kina cha zaidi ya mita 4,800. Mlima Elgon tunaouona kila asubuhi kunapokuwa hakuna mawingu una mita 4,321. Ungeutumbukiza mahali hapo, kilele chake kingebaki karibu mita 500 chini ya maji. Na hicho si kina cha ajabu: zaidi ya nusu ya uso wa dunia hii imefunikwa na bahari yenye kina kinachozidi mita 3,000. Kabla ya Galathea, mwaka 1934, meli ya Misri iitwayo Mabahiss nayo ilipita Mombasa na Zanzibar ikipima kina na kuvua viumbe vya chini. Kwa hiyo kilindi cha pwani yetu kimechunguzwa mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ni habari zake tu ambazo hazikufika kwetu.

Huko chini hakuna mwanga wa jua, na maji ni baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri. Hakuna mmea uotao. Chakula chote hushuka kutoka juu: mabaki ya mimea midogo mno ya baharini, kinyesi cha wanyama, maganda na mizoga. Wanasayansi huita mvua hiyo theluji ya bahari. Njiani huliwa na kuoza, na kwa kawaida kinachofika chini ni takriban asilimia 1 ya kilichozalishwa juu. Jongoo bahari wa kilindini huishi kwa asilimia hiyo moja.

Mtazame yule aitwaye nguruwe wa bahari, ambaye wanasayansi humwita Scotoplanes. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1882 na Msweden Hjalmar Théel, kutokana na vielelezo vilivyoletwa na meli ya Uingereza, Challenger, iliyozunguka dunia kati ya 1872 na 1876. Urefu wake ni kama sentimita 10 hadi 15, na rangi yake ni ya waridi iliyopauka. Hutembea kwa jozi tano hadi saba za miguu minene, ambayo huikaza kwa kuijaza maji na kuilegeza kwa kuyatoa. Mgongoni ana vipembe virefu. Mara nyingi huelekeza mdomo wake upande maji yanakotoka, na hilo huenda humsaidia kunusa chakula kilichotua karibuni. Akikifikia, minyiri inayozunguka mdomo huchota tope la juu, safu ya milimita chache, na kulipeleka ndani. Utumbo hutenga kilicho na uhai na kilichooza, na tope lililobaki hutoka nyuma likiwa limechambuliwa. Kisha hupiga hatua nyingine. Katika Ghuba ya Monterey, California, watafiti wamekuta watoto wa kaa wamejishikiza tumboni mwake, kwa sababu kwenye uwanda ule mtupu yeye ndiye maficho pekee yaliyopo.

Wengine hawaishii kutembea. Enypniastes hula tope chini, kisha hujiinua na kuogelea kwa utando wake, akiwa mwekundu na angavu kiasi cha kuonekana utumbo wenye tope ndani yake. Akiguswa na adui hung'aa, na ngozi yake inayong'aa humgandia yule aliyemshambulia, naye sasa akaonekana na maadui zake mwenyewe gizani. Wapo pia wanaoishi katika mifereji ya bahari yenye kina cha zaidi ya mita 10,000. Galathea iliwavua huko Ufilipino mwaka huohuo wa 1951.

Kazi ya wanyama hawa mkulima ataielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Nyungunyungu akiondoka shambani, udongo hufunga, mabaki hayageuki mbolea, na mavuno hushuka hata kama mvua imenyesha vizuri. Jongoo bahari ndiye nyungunyungu wa kilindi. Hulipindua tope, huliingizia oksijeni, humeng'enya mabaki na kurudisha virutubisho majini. Pia huchangia kuamua ni kiasi gani cha kaboni kitazikwa chini na kiasi gani kitarudi kwenye maji. Bahari humeza takriban robo ya hewa ya ukaa ambayo wanadamu huitoa, na sehemu ya safari ya kaboni hiyo huishia ndani ya utumbo wa mnyama huyu.

Ukubwa wa kazi hiyo ulionekana katika Atlantiki ya kaskazini mashariki, kwenye uwanda wa Porcupine wenye kina cha karibu mita 4,850. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakiufuatilia uwanda huo walikuta jongoo bahari mdogo aitwaye Amperima rosea, aliyekuwa haba mno, ameongezeka hadi kufikia maelfu kwa hekta. Kabla ya hapo, wanyama wa sakafuni walihitaji miaka miwili na nusu hivi ili kuupitia uso wote wa tope. Baada ya ongezeko hilo, ilitosha wiki chache. Sababu kubwa inayotajwa ni mabadiliko ya wingi na aina ya chakula kilichoshuka kutoka juu. Yaani hali ya juu ya bahari ikigeuka, na chini kunageuka. Hakuna ukuta kati ya kilindi na hewa tunayoivuta.

Sasa tuje kwenye haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982, na Kenya iliuridhia mwaka 1989. Mkataba huo unasema kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa wanadamu, na kwamba faida yake ni ya wote, nchi iwe na pwani au isiwe nayo. Jirani zetu wa Mbale, ng'ambo ya Elgon, wana haki ileile kama watu wa Lamu, nasi pia. Tena Wakenya hatukuwa watazamaji wakati sheria hiyo inatungwa. Mwanasheria wetu Frank Njenga ndiye aliyeleta, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, na mwaka 1972 Kenya ikawasilisha rasimu yake mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa huko Geneva. Leo nchi nyingi zenye pwani hudai maili zao 200 kwa msingi wa wazo hilo. Nchi iliyowafundisha wengine kuhesabu bahari yao haina sababu ya kunyamaza kuhusu iliyobaki.

Urithi huo wa pamoja husimamiwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika. Mamlaka hiyo imekwisha kutoa takriban mikataba 30 ya utafutaji madini. Mingi inahusu vinundu vya manganizi, nikeli, kobalti na shaba vilivyotapakaa kwenye uwanda wa Pasifiki kati ya Hawaii na Meksiko, na vinundu hivyo huongezeka milimita chache tu kwa miaka milioni moja. Bahari ya Hindi nayo imo: India ina eneo lake la kilomita za mraba 75,000 katikati ya bahari hiyo, na China, Ujerumani na Korea Kusini zina mikataba ya aina nyingine ya madini. Kanuni za uchimbaji wenyewe hazijapitishwa. Mkutano wa Julai 2025 ulimalizika bila muafaka, na nchi zaidi ya 30 zinataka kazi hiyo isimamishwe kwanza.

Kuna jaribio moja ambalo kila mwenye trekta anapaswa kulijua. Mwaka 1989 wanasayansi wa Ujerumani walikokota plau-haro yenye upana wa mita 8 kwenye sakafu ya bahari karibu na Peru, kina cha mita 4,150. Mwaka 2015, baada ya miaka 26, walirudi na kamera. Mitaro ilionekana kana kwamba imepigwa jana. Haki inataka tuseme yote: idadi ya majongoo bahari ilikuwa imerudi karibu na ya awali, kwa kuwa hao hutembea. Lakini kazi ya vijidudu ndani ya mitaro ilikuwa bado imepungua, na viumbe wanaoishi juu ya vinundu hawakuwa wamerejea. Na plau ile haikubeba chochote. Ilifukia vinundu tu. Mashine za uchimbaji zitavitoa pamoja na safu ya juu ya tope, ambayo ndiyo chakula.

Bei inaweza kufanya nini tumekwisha kuona karibu zaidi. Pauni mweupe na pauni mweusi, majongoo bahari wa thamani wa pwani yetu, waliokotwa mpaka mwaka 2019 biashara yao ikabidi iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini. Hao waliishi mbele ya macho ya watu. Wale wa mita 4,000 hawana wa kuwaona wakipungua.

Wazee wa hapa wanajua maana ya nchi kugawanywa kwenye ramani. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikatwa kuwa mashamba ya walowezi, na waliokuwa wakiishi humo wakageuzwa maskwota. Kuanzia miaka ya 1960 mashamba yalinunuliwa na kukatwa upya kuwa skimu za makazi, Naitiri ikiwa mojawapo. Kasoro za ramani ile ya kwanza zimesumbua vizazi. Anayesema kwamba sakafu ya bahari ni tupu, haina mtu, basi ichukuliwe, anarudia maneno ambayo familia nyingi hapa ziliambiwa kuhusu ardhi yao.

Katika kurasa zinazofuata utakuta maelezo ya maisha ya wanyama hawa, historia ya meli zilizowatafuta, uchambuzi wa sheria ya bahari kwa lugha nyepesi, na masomo mawili kwa walimu wa sayansi wa shule za msingi na upili. Tumeandika kwa Kiswahili kwa makusudi, ili mjadala huu usibaki wa watu wa mikutano peke yao.

Ninachoomba ni mambo matatu. Mwalimu, mfundishe mtoto kwamba nusu ya dunia iko gizani na ina wakazi wake. Mwananchi, mbunge akija barazani, muulize Kenya inasema nini Kingston kwa niaba yako, na nani alishauriwa. Na serikali iunge mkono kusitishwa kwa uchimbaji wowote wa kilindi hadi tujue tunachokiharibu, huku ikiipa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi uwezo wa kushuka huko na kutuletea habari zetu wenyewe. Haki hii tuliiridhia mwaka 1989. Umefika wakati wa kuitumia.