Askari, Michezo ya Intaneti na Mfuko Wake

Wako watu wanaodhani kwamba askari akishavua sare jioni hana haki ya kucheza. Sisi hatumo katika kundi hilo. Mwanajeshi aliyetoka zamu katika vilima vya Bwera, au polisi aliyesimama kutwa mpakani Mpondwe mbele ya msururu wa malori ya Congo, akirudi nyumbani na kushindana kabumbu katika simu na mwenziwe aliye Gulu, hamdhulumu mtu. Linalotusikitisha ni kwamba askari wengi hununua intaneti ya nyumbani kwa kutazama tangazo peke yake, wakalipia wasichokihitaji na kukikosa wanachokihitaji.

Tangazo husema megabiti: kumi, ishirini, hamsini kwa sekunde. Lakini yafaa ieleweke kwamba mchezo wenyewe, ukishaanza, hutumia data kidogo mno. Saa nzima ya kucheza mara nyingi haifiki megabaiti 150. Njia ya megabiti tano iliyotulia inamtosha mchezaji mmoja. Kinachomfanya apigwe bao kabla hajaona mpira ni kile ambacho vijana hukiita pingi, yaani muda ambao ujumbe wa kidole chake hutumia kufika kwenye mashine ya mchezo na jibu kurudi. Muda huo huhesabiwa kwa milisekunde, na tangazo halitaji hata moja.

Basi na tuifuate safari ya ujumbe huo. Mkongo wa taifa umefika Kasese. Kutoka huko ujumbe huenda Kampala, ukavuka Kenya hadi pwani, kisha ukaingia baharini. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za njia huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Ikiwa mashine ya mchezo iko Ulaya, na njia ya baharini ni ya kilomita kama 10,000, milisekunde 100 zimekwisha kuliwa na umbali peke yake. Hakuna kifurushi, hata kiwe cha bei gani, kinachoweza kuzirudisha. Tajiri wa Kampala na koplo wa Bwera wote hungoja mwanga uleule. Kwa hiyo mchezo unaoruhusu kuchagua eneo na ujaribiwe kwanza kwa mashine za Afrika Kusini au za Mashariki ya Kati, na kazi hiyo haina malipo. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima, na aliyekimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi siku ile alitupa fedha zake.

Tofauti ambayo askari anaweza kuinunua iko katika kipande cha mwisho, kati ya mnara na dirisha lake. Hapa ndipo Kasese si Kampala. Nyumba iliyo bondeni upande wa Kilembe, au iliyozibwa na mgongo wa kilima cha Rwenzori, yaweza kuwa karibu na mnara na bado isipate mawimbi safi. Kampuni inayosifiwa mjini Kasese yaweza kuwa dhaifu Bwera, na kinyume chake. Ndiyo maana tunasema kwa mkazo: usinunue rauta kabla ya kupima. Chukua kadi za kampuni mbili, nunua data ya siku chache kwa kila moja, kaa mahali utakapoweka rauta, ucheze saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku watu wote wakiwa wamerudi majumbani. Michezo mingi huonyesha pingi yenyewe pembeni mwa kioo. Isipozidi 100, shukuru. Ikiwa 150 bila kuyumba, kabumbu huchezeka. Lakini inayoruka kutoka 80 hadi 400 na kurudi ni mbaya kuliko 180 iliyotulia, na mchezo wa kulenga shabaha hapo hauchezeki.

Likija suala la bei, tahadhari ya kwanza ni neno "bila kikomo". Mara nyingi lina kikomo: ukishatumia kiasi fulani mwendo hupunguzwa. Muuzaji aulizwe ni baada ya gigabaiti ngapi, na mwendo hushuka hadi wapi. Aulizwe pia kama bei aliyoitaja ina kodi zote ndani, maana tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12, mbali na ile kodi ya ongezeko la thamani.

Kwa maoni yetu, kifurushi cha mwendo mdogo kisichohesabu gigabaiti kinamfaa askari kuliko cha mwendo mkubwa kinachozihesabu. Hasara yake ni kungoja. Mchezo mkubwa wa kompyuta kama Call of Duty waweza kupita gigabaiti 100, na kwa megabiti 10 kuupakua huchukua saa 22 hivi. Na achukue usiku mbili tatu, mwenyewe akiwa zamu. Nyakati za kucheza, simu za nyumbani zisiachwe kupeleka picha mtandaoni, kwani hilo huziba njia kuliko mtoto anayetazama katuni. Mwenye mashine ya michezo aiunganishe na rauta kwa waya. Waya huo ni rahisi na faida yake huonekana siku ileile.

Jambo jingine raia hawalifikirii: uhamisho. Askari aweza kuamriwa leo aripoti Karamoja kesho kutwa. Mkataba wa miezi 12 au 24, hata ukiwa na punguzo zuri, ni mzigo kwake, hasa ikiwa rauta imefungiwa kwenye mnara mmoja. Alipe mwezi kwa mwezi. Na ile huduma ya setilaiti za juu sana, zilizo kilomita 35,786 angani, haifai michezo kabisa. Ujumbe hupoteza karibu nusu sekunde njiani. Sahani iliyovushwa kimyakimya kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha isiguswe kabla ya kujua kama mwenye huduma hiyo ana leseni ya Uganda. Askari ndiye mlinzi wa mpaka huo.

Walio Bwera wana shida yao peke yao: simu huweza kunasa mnara wa Congo na kuanza kulipa bei ya ugenini. Mtandao uchaguliwe kwa mkono, na matumizi ya data ya nje yafungwe.

Michezo hii huja na maongezi. Huko Marekani, Jack Teixeira wa kikosi cha anga alitoa nyaraka za siri kwa marafiki wa Discord, jukwaa la wacheza michezo; alikamatwa Aprili 2023 na Novemba 2024 akahukumiwa miaka 15 gerezani. Katika wilaya ambayo waasi wa ADF waliwaua wanafunzi kule Mpondwe mwezi Juni 2023, mgeni wa mchezoni anayeuliza uko kambi gani na zamu yako inakwisha lini hastahili kujibiwa, hata kwa mzaha.